Kijana Katika Filamu Fupi: Mambo ya Kufikiri Kabla ya Kuishika Kamera

Ujana ni moshi, ukienda haurudi. Ndivyo wasemavyo wahenga wetu, na kila mtu aliyekwisha kuupita umri huo hana la kupinga. Lakini wahenga hao hao walituachia usemi mwingine: Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Methali hizi mbili zinamtazama kijana kutoka pande mbili. Ya kwanza inamtazama kwa huruma, kama mtu aliyeshika kitu kisichodumu mkononi. Ya pili inamtazama kwa hadhari, kama mtu aliye karibu kuanguka. Zote mbili ni kweli, na utamaduni wenye hekima unazihitaji zote.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba watungaji wengi wa filamu fupi zihusuzo vijana wameishika methali ya pili na kuisahau ya kwanza, na kwa sababu hiyo wamempoteza yule yule waliyetaka kumwonyesha. Baada ya kulieleza kosa hilo, ambalo mwandishi wa makala haya naye amelifanya, tutatazama filamu tatu za nchi nyingine zilizolikwepa. Kisha tutajaribu kupanga, hatua kwa hatua, filamu moja fupi ambayo wanafunzi wa sekondari waweza kuipiga wenyewe.

Jambo hili lina umuhimu wake katika wakati tulio nao. Zamani filamu ilikuwa kazi ya wachache. Kampuni ya Filamu Tanzania iliundwa mwaka 1968, na katika miaka iliyofuata kila mpango wa kupiga picha ulikuwa ni mpango wa gharama kubwa. Mkanda wa milimita 16 wenye urefu wa futi 400 ulikwisha kwa dakika 11 hivi, na mpiga picha hakuweza kujua alichokipata mpaka mkanda usafishwe. Leo mwanafunzi aliyeazimwa simu ya mjomba wake anaweza kupiga picha mchana kutwa na kuziona jioni ile ile. Chombo kimekuwa rahisi. Kilichobaki kuwa kigumu ni kile kile kilichokuwa kigumu tangu mwanzo, yaani kufikiri.

Kosa lililovaa sare ya shule

Kwa miaka kadhaa nimepata nafasi ya kusoma miswada ya filamu fupi iliyoandikwa na wanafunzi pamoja na walimu wao. Mingi imeandikwa kwa bidii, na Kiswahili chake mara nyingi ni kizuri. Hata hivyo hadithi ni ile ile. Kijana anatoka katika nyumba njema. Anakutana na marafiki wabaya. Anaonywa mara ya kwanza, anaonywa mara ya pili, hasikii. Anaacha shule. Anapatwa na maradhi, au mimba, au kifungo. Katika onyesho la mwisho ameketi chini ya mti akilia, na sauti ya mtu mzima inatusomea funzo. Mtazamaji akimaliza kuitazama amejifunza alichokuwa akikijua tangu mwanzo.

Siyasemi haya kwa kujitoa katika kundi. Miaka mingi iliyopita ofisi moja, ikijua kwamba mimi ni mtunga mashairi, iliniomba niandike mswada wa filamu ya dakika 20 juu ya utoro. Niliuandika kwa siku tatu. Kijana wangu alikuwa na jina, lakini hakuwa na chakula alichokipenda, wala wimbo alioupiga mluzi, wala rafiki aliyemwonea wivu. Alikuwa na utoro tu. Filamu ilipoonyeshwa katika shule moja ya sekondari, wanafunzi waliitazama kwa adabu mpaka mwisho. Mwalimu alipowataka watoe maoni, msichana mmoja wa kidato cha tatu alisimama, akaniamkia, kisha akasema: “Mzee, picha ni nzuri. Lakini yule si kijana. Yule ni kosa lililovaa sare ya shule.”

Wenzake walicheka, na mwalimu akamkaripia. Nami nilirudi nyumbani nimeudhika. Ilinichukua muda mrefu kukubali kwamba msichana yule alikuwa ameihakiki kazi yangu kwa haki kuliko wote walionipongeza.

Katika uhakiki wa fasihi tumezoea kusema kwamba mhusika wa aina hiyo ni mhusika bapa. Ameumbwa kwa upande mmoja tu, na habadiliki isipokuwa pale mtunzi anapotaka kumwadhibu. Kwa mtunzi wa ngano si aibu kumtumia mhusika wa namna hiyo, kwa kuwa sungura wa ngano anatosha kuwa mjanja tu. Lakini filamu inaonyesha uso. Uso wa mtu halisi unapokaa mbele yetu kwa dakika nzima, jicho letu hutafuta mambo ambayo mtunzi hakuyafikiri. Tunataka kujua mtu huyu anawaza nini wakati hakuna anayemtazama. Ikiwa mtunzi hajui, uso ule utaonekana mtupu, na mtazamaji kijana, aujuaye ujana kwa kuuishi, atakuwa wa kwanza kuuona utupu huo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Fasihi yetu ya maandishi ilishapita katika njia hii kabla ya filamu. Riwaya ya Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, ina mafunzo ndani yake juu ya malezi na ukali wa wazazi. Lakini Rosa ni mtu kwanza, na ni funzo baadaye. Anaogopa, anatamani, anakosea, anateseka, na msomaji hawezi kumtupa katika kikapu cha watoto wabaya. Labda ndiyo sababu riwaya hiyo iliwatia hofu watu wazima hata ikazuiwa kwa muda isisomwe shuleni. Mhusika aliye hai hana utii wa mhusika bapa.

Ujana kama mahali pa kungoja

Kabla ya kuuliza filamu ya ujana ipangweje, hatuna budi kuuliza ujana wenyewe ni nini katika utamaduni wetu.

Mwezi Desemba 1962, Mwalimu Julius Nyerere alipokuwa Rais wa kwanza wa Jamhuri ya Tanganyika, alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Yafaa tuutafakari muungano huo wa maneno. Utamaduni ni yale tuliyoyapokea, na vijana ndio watakaoyapokea kutoka kwetu. Kuviweka viwili hivyo chini ya paa moja kulikuwa ni kukiri kwamba utamaduni usiowafikia vijana umekufa, hata kama ngoma zake zinaendelea kupigwa siku za sikukuu.

Katika jamii zetu nyingi za zamani, njia kutoka utotoni hadi utu uzima ilikuwa na alama zake. Palipokuwa na jando na unyago, mwari alitolewa nyumbani, akatengwa, akafundwa kwa nyimbo na mafumbo, kisha akarudishwa kwa shangwe akiwa na nguo mpya. Hatuhitaji kuyasifu yote yaliyofanyika humo, maana mengine yalikuwa na madhara na yameachwa kwa haki. Lakini yako mambo mawili ya kukumbuka. Kwanza, kutengwa kwa mwari kulikuwa na mwisho uliojulikana. Pili, jamii ilimngoja. Wazazi walihesabu siku, na siku ya kutoka palikuwa na watu wazima wamesimama njiani kumpokea.

Kijana wa leo naye hutengwa, lakini hana anayemngoja. Mfano ulio karibu na wasomaji wa kitabu hiki ni mwanafunzi aliyemaliza kidato cha nne. Mtihani hufanyika Novemba. Kwa miaka ya karibuni matokeo yamekuwa yakitangazwa mwezi Januari, na masomo ya kidato cha tano kwa kawaida huanza Julai. Kati ya Novemba na Julai kijana huyu ni nani? Sare ameivua, kwa hiyo si mwanafunzi. Kazi hana, kwa hiyo si mfanyakazi. Nyumbani huonekana mkubwa kunapokuwa na kuni za kupasua au maji ya kuteka, na huonekana mtoto kunapokuwa na jambo la kuamua. Mtu mzima akipita na kumkuta ameketi huuliza: “Wewe huna kazi ya kufanya?” Swali hilo halina jibu, na anayeliuliza anajua kwamba halina.

Nadhani hapa ndipo penye kiini cha jambo tunalolitafuta. Ujana, kwa sehemu kubwa, ni kungoja mbele ya watu. Filamu zetu zinaonyesha anguko la kijana kwa sababu anguko lina kelele na huonekana kwa urahisi. Kungoja hakuna kelele. Lakini ndiko kunakoijaza siku ya kijana, na ndiko watu wazima tusikokuona.

Filamu tatu na mtazamo wake

Tuziangalie sasa kazi tatu za wasanii wa nchi tatu. Sizitaji ili tuziige, kwa maana kila nchi ina vichochoro vyake. Nazitaja kwa sababu kila moja ilipangwa kutokana na swali lililo rahisi.

Ya kwanza ni filamu ya Abbas Kiarostami wa Irani, iliyotengenezwa mwaka 1970, ambayo jina lake kwa Kiswahili tungesema Mkate na Kichochoro. Ilikuwa filamu yake ya kwanza, ni ya dakika kama 10, nayo ilitengenezwa katika taasisi ya umma ya makuzi ya watoto na vijana mjini Tehran. Mtoto ametumwa mkate. Anarudi nyumbani akicheza na kopo njiani. Katika kichochoro anamkuta mbwa anayebweka, naye anaogopa kupita. Anasimama. Anajaribu kumfuata mzee mmoja apate kivuli chake, lakini mzee anashika njia nyingine. Mwisho mtoto anamtupia mbwa kipande cha mkate, na adui anageuka kuwa msindikizaji mpaka mlangoni. Hadithi ndiyo hiyo tu, na karibu haina maneno.

Walimu wataona kwamba taasisi ile ingeweza kumwagiza msanii atengeneze filamu ya kuwafundisha watoto ujasiri. Yeye alitengeneza filamu ya mtoto mwoga mwenye mkate mkononi, akauacha ujasiri utokee wenyewe, tena kwa njia ya akili na si ya ubavu. Tena hakuiacha hadithi ifungike kwa ushindi. Baada ya mtoto kuingia ndani, mtoto mwingine anakuja kichochoroni na chombo mkononi, na mbwa yuko pale pale. Kila kijana atapita mwenyewe.

Ya pili ni ya Djibril Diop Mambéty wa Senegali, La Petite Vendeuse de Soleil, yenye dakika 45, iliyotoka mwaka 1999 baada ya msanii huyo kufariki dunia mwaka 1998. Sili ni msichana anayetembea kwa magongo katika mitaa ya Dakar. Anaona kwamba wavulana huuza magazeti, naye anaamua kuuza gazeti la Soleil. Wavulana wanamwonea, hata gongo lake wanalichukua, na rafiki yake anambeba mgongoni ili safari iendelee. Mtungaji asiye mwangalifu angetuliza sisi watazamaji, tukaondoka tumejaa huruma na tumeridhika nayo. Mambéty hakutupa nafasi hiyo. Anamwonyesha Sili akihesabu, akipatana bei, akicheza, akidai haki yake kituo cha polisi. Tunamheshimu kabla hatujapata muda wa kumhurumia.

Ya tatu si fupi, lakini ina funzo kwa wapangaji wa filamu fupi. Ni Les Quatre Cents Coups ya François Truffaut wa Ufaransa, ya mwaka 1959. Kijana Antoine anadanganya, anatoroka shule, anaiba mashine ya kuandikia, na anakamatwa wakati anairudisha. Kwa muhtasari huo, ni mtoro kama yule wa mswada wangu. Tofauti iko katika onyesho moja ambamo mtaalamu wa nafsi anamhoji Antoine. Kamera inamtazama kijana tu. Mtu mzima hatumwoni, tunaisikia sauti yake. Na mwigizaji, Jean-Pierre Léaud, aliyekuwa na umri wa miaka 14, aliachwa ajibu maswali kwa maneno yake mwenyewe. Katika dakika chache hizo mtoro anakuwa mtu, kwa kuwa mtunzi alikubali kunyamaza.

Tukizijumlisha kazi hizi tatu tunapata kanuni tatu. Kutoka kwa Kiarostami: chagua kizuizi kimoja, kidogo, kinachoonekana kwa macho. Kutoka kwa Mambéty: mpe kijana kazi na heshima yake, usimwombee huruma. Kutoka kwa Truffaut: mwache aseme, na mtu mzima akae nyuma ya kamera.

Filamu fupi na ubeti wa shairi

Wanafunzi wengi hudhani kwamba filamu fupi ni filamu ndefu iliyopunguzwa. Hapo ndipo wanapotaka kuingiza ndani ya dakika 12 utoto, shule, mapenzi, ugonjwa na mazishi. Katika mashindano ya Oscar ya Marekani, filamu huhesabiwa fupi ikiwa haizidi dakika 40. Lakini kipimo cha saa hakituelezi umbo lake.

Mimi, niliyelelewa na mashairi, naiona filamu fupi kuwa ndugu wa shairi na si mtoto wa riwaya. Ubeti wa shairi letu la kawaida una mistari minne, na kila mstari una mizani 16, yaani mizani 64 kwa jumla. Ndani ya mizani hizo mtunzi hana nafasi ya kusimulia maisha. Analishika jambo moja, analigeuza, analirudisha. Kina cha kati kinamkumbusha msikilizaji alichokisikia, na kituo kinalifunga jambo au kinaliacha likining'inia kwa makusudi. Filamu fupi nayo inahitaji kina chake. Chagua kitu kimoja kionekane mwanzoni, kirudi katikati, kirudi tena mwishoni, na kila kirudipo kiwe na maana iliyoongezeka. Katika Mkate na Kichochoro kitu hicho ni mkate. Mwanzo ni mzigo, katikati ni silaha, mwisho ni urafiki.

Mpango wa filamu moja

Sasa tupange. Nitatumia habari niliyoijua kwa gharama.

Mwanangu wa kwanza alipomaliza kidato cha nne tulikuwa tukikaa Morogoro. Kwa miezi miwili na zaidi nilimwona akiamka mapema, akipiga pasi shati lake jeupe kwa pasi ya mkaa, akatoka kabla ya saa mbili, akarudi jioni. Nilidhani anazurura. Nilimkemea mara nyingi, wakati mwingine mbele ya wageni. Siku moja nilikwenda stendi ya Msamvu kumpokea ndugu yangu. Mbeba mizigo mmoja aliyenifahamu akanisalimu, kisha akaniuliza: “Mzee, huyu mwanao anamngoja mgeni gani asiyefika? Kila siku yupo hapa, kijana mwenye adabu.”

Nilimwuliza mwanangu jioni ile. Alikaa kimya kwa muda, halafu akaniambia: “Baba, stendi ndipo mahali ambapo mtu akikaa haulizwi. Kila mtu anadhani wewe ni abiria.”

Ninaposoma miswada ya vijana wanaolia chini ya mti, huikumbuka sentensi hiyo. Ningeandika maisha yangu yote nisingeibuni.

Filamu yetu basi iitwe Abiria. Iwe na dakika 12. Mhusika ni kijana mmoja, wa kiume au wa kike. Anachokitaka ni siku ipite pasipo mtu kumwuliza ana kazi gani. Kizuizi chake ni macho ya watu. Kitu kitakachorudi kama kina ni shati. Mandhari ni stendi yoyote ya mabasi, na gharama yake ni nauli ya wapigaji na ruhusa ya wahusika wa pale.

Onyesho la kwanza, dakika moja na nusu: alfajiri, mkaa unapulizwa, shati linapigwa pasi. Hakuna maneno, ila sauti ya baba kutoka chumbani ikiuliza nani yuko macho. Baba huyo tusimwone hata mara moja katika filamu nzima.

Onyesho la pili, dakika mbili: njiani, katikati ya watu waendao kazini. Jirani anamwuliza, “Kazini, mwanangu?” naye anajibu, “Ndiyo, mama, nawahi.” Uongo huu mdogo usitiliwe mkazo. Kamera impite kama yeye mwenyewe anavyoupita.

Onyesho la tatu, dakika tatu: stendi. Wapiga debe wanaita, mabasi ya Dodoma na Iringa yanaingia na kutoka, kijana ameketi kwenye benchi ameshika mfuko mdogo usio na kitu. Hapa ndipo mtazamaji atakapoanza kuelewa, na asielezwe.

Onyesho la nne, dakika mbili, nitalieleza baadaye kidogo.

Onyesho la tano, dakika mbili: basi limeingia, watu wanapokewa, wanakumbatiana. Kijana naye anasimama na kuangaza macho kama mtu anayemtafuta wake. Mtoto aliye dirishani anampungia mkono kwa makosa, naye anampungia. Kwa nukta chache amekuwa mtu aliyengojwa.

Onyesho la sita, dakika moja na nusu: nyumbani, usiku. Sauti ya baba inauliza, “Umeshindaje?” Anajibu, “Salama, baba.” Analivua shati, analikung'uta vumbi, analitundika kwa uangalifu. Taa inazimwa. Hapo filamu imekwisha. Matokeo ya mtihani yasitangazwe, kwa sababu filamu si juu ya matokeo.

Nilipomaliza kuuandika mpango huu nilimpelekea mwanangu, ambaye leo ni mtu mzima mwenye watoto wake, ili aniruhusu kuusimulia. Katika mpango ule, onyesho la nne lilikuwa la saa nne asubuhi, kijana akimsaidia bibi kizee kubeba kikapu. Aliusoma, akatabasamu, akasema: “Baba, hili la bibi umelitoa kwenye kitabu cha uraia. Halafu umeiacha saa nane. Asubuhi ilikuwa rahisi, maana kila mtu ana haraka. Saa nane watu wote wanakula, na mtu asiyekula huonekana. Nilikuwa nikiondoka pale mama ntilie anapopakua, nazunguka nyuma ya mabasi mpaka wamalize.”

Basi onyesho la nne ni hilo. Saa nane mchana, jua kali, sahani zinagongana, na kijana mwenye shati jeupe anazunguka nyuma ya mabasi peke yake. Natumaini msomaji anaona kwamba hilo ndilo onyesho lililo bora kuliko yote, na kwamba si mimi niliyelitunga. Nilikuwa nimelijaza pengo kwa wema wa kubuni kwa sababu sikujua. Hii ndiyo kanuni ya nne, na labda ndiyo kubwa: kabla ya kuandika juu ya kijana, muulize saa gani ya siku iliyo ngumu kwake. Akikujibu, usimsahihishe.

Je, filamu kama hii inafundisha?

Watakuwapo watakaosema kwamba haya yote ni mazuri, lakini shule na taifa vina wajibu wa kulea, na filamu isiyoonya ni anasa. Hoja hii ina uzito wake, na mimi niliyekula mshahara wa serikali kwa miaka mingi siwezi kuidharau. Yapo mambo yanayotaka kusemwa wazi. Kipindupindu kikizuka, usitengeneze filamu ya mafumbo. Sema watu wachemshe maji.

Lakini tusichanganye tangazo na sanaa. Tangazo humwambia mtu afanye nini. Sanaa humwonyesha mtu jinsi alivyo, naye huamua. Kijana akiitazama Abiria ataona kwamba aibu aliyoibeba peke yake inabebwa na wengi, na mzigo ukigawanywa hupungua. Mzazi akiitazama, yule baba asiyeonekana atakuwa yeye. Hilo nalo ni funzo, ila linamwelekea mtu mzima, na nadhani ndiyo sababu ya ugeni wake kwetu. Tumezoea filamu ya ujana iwe barua kutoka kwa wazee kwenda kwa vijana. Hatujazoea kupokea majibu.

Kwa walimu watakaoijaribu kazi hii, napendekeza mambo haya. Kabla ya kuandika mswada, kila mwanafunzi aandike karatasi moja juu ya saa moja ya siku yake ambayo nyumbani kwao hakuna anayeijua, naye awe huru kuificha karatasi yake akitaka. Kundi lichague saa moja tu miongoni mwa zile zilizotolewa kwa hiari. Kisha litafutwe lile jambo linaloonekana kwa macho ndani ya saa hiyo, liwe shati, sahani, ufunguo au daftari. Maneno yapunguzwe mara mbili kabla ya kupiga picha, na mara ya tatu baada ya kupiga. Sauti ya kutoa funzo mwishoni ifutwe kabisa. Ikiwa mtazamaji hakuelewa, kosa liko katika picha, na litengenezwe katika picha.

Tulianza kwa methali mbili. Ile ya guu tutaendelea kuisema, maana ni wajibu wetu na tutaulizwa tusipoisema. Lakini moshi nao una haki yake. Ujana wa mwanangu ulipita mbele yangu kila asubuhi ukiwa umevaa shati lililopigwa pasi, nami nilikuwa nikitafuta kosa la kulikemea. Filamu fupi iliyopangwa vema haiwezi kuurudisha moshi ule. Yaweza kumfanya mzazi mwingine, mahali pengine, anyanyue macho ungali ukipita.